Jina lake kwenye simu yangu ni "Ajenti Tunduma"

Shikamoo Mama,

Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 42. Nakaa Kibaha na mke wangu tuliyefunga naye ndoa kanisani mwaka 2009, na Mungu ametujalia watoto watatu. Nimelelewa KKKT, yaani kanisa letu la Kilutheri, na kwenye uchaguzi uliopita wa usharika wetu nilichaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Nilitaka kukataa kwa sababu ya kazi, maana Jumapili nyingi huwa niko njiani. Mchungaji akasema kanisa linahitaji pia wazee wanaoyajua maisha ya barabarani. Siku hizi nikiyakumbuka maneno yale nasikia aibu.

Kazi yangu ni kupeleka mzigo Kongo. Napakia salfa Dar es Salaam, napita Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, navuka Tunduma, naikata Zambia hadi Kasumbalesa, nakwenda kushusha Kolwezi. Kurudi napakia shaba. Safari ikienda vizuri ni wiki tatu. Ikienda vibaya mwezi unaisha bado niko kwenye foleni. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kifunguliwe pale Tunduma mwaka 2019 kuna nafuu, sikatai, lakini mfumo ukigoma au karatasi za ajenti zikiwa na kasoro, magari yanajipanga kilomita kwa kilomita, na dereva anakaa siku tatu, nne, tano. Unalala kwenye kabini, unaoga kwa kulipia, unakula kwa mama lishe.

Hapo ndipo nilipomfahamu huyu dada. Ni mjane, marehemu mume wake alikuwa dereva kama mimi. Ana mgahawa mdogo na nyuma yake kuna vyumba. Anaimba kwaya kanisani kwake, hauzi pombe, na wale wasichana wanaokuja kutafuta madereva hawaruhusu wakae mezani kwake. Naomba unielewe hapa, Mama. Nilianza kula pale kwa sababu nilikuwa nakimbia vishawishi.

Mwaka jana mwezi wa saba malaria ilinishika nikiwa kwenye foleni. Utingo wangu alichanganyikiwa, gari lina mzigo wa watu na mimi sijitambui. Yule dada ndiye aliyenipeleka hospitali, akanipikia uji, akanipa chumba siku mbili na hakunidai hata shilingi. Nikaona si uungwana kuondoka hivi hivi. Niliporudi kutoka Kongo nikamletea vitenge viwili. Mke wangu nilimpelekea kimoja. Mwezi wa kwanza mwaka huu mtoto wake wa kiume alikuwa anaanza darasa la tatu hana sare, nikamtumia laki moja na nusu kwa simu. Ujumbe wa muamala nikaufuta. Namba yake nilikuwa nimeihifadhi kwa jina lake, nikaibadilisha, sasa inasomeka "Ajenti Tunduma". Kule kwake nina mashati matatu, mswaki, na sahani yangu yenye kifuniko. Yule mtoto ananiita baba.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Mwezi uliopita nilikwama tena. Usiku mvua inanyesha, utingo amelala garini, mimi nimekaa nakula peke yangu saa nne. Akaniambia, "Foleni haisogei leo, na huko kwenye kabini mmebanana. Si ulale ndani." Hakusema chumba gani, ila nilielewa ni chumba gani. Niliingia, nikakaa kitandani kwake, nikavua viatu. Akanishika mkono, tukakaa hivyo muda, sijui ni dakika ngapi. Halafu nikamwambia nakwenda kuangalia gari. Nilitoka nikatembea kwenye mvua hadi kwenye lori nikiwa na soksi tu, viatu nikaviacha kule. Asubuhi akamtuma mtoto avilete. Utingo wangu akavipokea, akavifuta tope, akaviweka chini ya kiti. Hakusema neno.

Kijana huyu ana miaka 24, ameokoka kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye mkutano wa injili, na mpaka leo ananiita Mzee. Madereva wenzangu wana wanawake Makambako, Nakonde, Kasumbalesa, na hawafichi. Wananitania kwamba mimi najifanya malaika. Laiti wangejua.

Nimefunga siku tatu, nimeomba, lakini nikilala naona kile chumba. Jumapili nilipokuwa nyumbani nilishika kapu la sadaka nikahisi watu wote wananiona. Kuna sauti inaniambia: Yesu alisema amtazamaye mwanamke kwa kumtamani ameshazini naye moyoni, kwa hiyo wewe umeshahesabiwa, umebakiza nini? Malizia tu. Nikimwambia mke wangu naogopa, ana presha. Nikiacha kazi watoto watakula nini? Au nijiuzulu uzee wa kanisa ili nisimdhihaki Mungu? Baada ya siku kumi napakia tena.

Mzee Mwenye Mashaka, Kibaha

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilishtushwa na kitanda, kama ulivyotaka nishtuke. Mara ya pili nikacheka kwa ajili ya viatu, unisamehe. Mara ya tatu nikaona kwamba kitanda si mahali ulipoanzia kupotea. Ulianzia kwenye simu. Siku ulipofuta ule ujumbe wa laki moja na nusu, hakuna mtu aliyekuwa amekushika mkono. Mvua haikuwa inanyesha, foleni haikuwepo. Ulikuwa umekaa peke yako, mchana huenda, ukamsaidia yatima kununua sare, jambo ambalo ungeweza kulisema mbele ya usharika mzima na watu wakasema amina. Kwa nini ukalifuta? Kwa sababu moyo wako ulikuwa unajua zile fedha zilikuwa za nini, hata kabla wewe mwenyewe hujajiambia.

Na hesabu ya vitenge. Viwili Tunduma, kimoja Kibaha. Umeiandika kwa mkono wako na sidhani kama uliiona.

Wahubiri wetu wanapenda kusema huwezi kumzuia ndege kuruka juu ya kichwa chako, ila unaweza kumzuia asijenge kiota. Ni kweli, lakini wewe umeshapita huko. Mashati matatu, mswaki, na sahani yenye kifuniko ni kiota tayari, na kinda mmoja anakuita baba.

Nakuambia haya kwa ukali kidogo kwa sababu naona unahuzunikia kitu ambacho si chenyewe. Unahuzunikia zile dakika za kitandani, ambazo ndizo peke yake katika mwaka mzima ulizofanya jambo la maana, yaani ulitoka. Ile miezi ya kabla yake unaisimulia kama uungwana.

Kuhusu hiyo sauti inayokuambia umalizie. Bwana alilisema lile neno la Mathayo 5 kwa watu waliojiona safi kwa kuwa hawajafika kitandani, ili washuke wapige magoti. Hakulisema ili aliyetamani apewe ruhusa ya kwenda. Ni kweli umetamani, na hilo ni la kutubu, wala usilipunguze. Lakini usiniambie kwamba kutamani na kutenda vina uzito mmoja kwa watu wengine waliomo. Kama ungebaki usiku ule, leo ungekuwa unaniandikia habari ya mimba, au ya ahadi uliyompa mjane, au ya mkeo aliyeletewa ugonjwa nyumbani kwake. Wengi wakiongea na ninyi madereva huanza na UKIMWI, na huishia hapo hapo, kana kwamba mwenye kondomu hana la kujibu mbele za Mungu. Mimi sianzii hapo, ila usiisahau pia. Kwenu Walutheri usizini ni amri ya sita, kwetu Waanglikana ni ya saba. Hakuna aliyeihesabu akaiweka nje ya zile kumi.

Sasa Yusufu, maana najua umeshamfikiria. Aliacha vazi lake mkononi mwa mke wa Potifa, wewe umeacha viatu. Lakini soma Mwanzo 39 taratibu. Kabla ya siku ile ya vazi, yule mwanamke alimsumbua siku baada ya siku, naye Yusufu hakukubali kulala naye wala kukaa naye. Hilo la kukaa naye ndilo watu wanaliruka. Yusufu alikuwa mtumwa, hakuwa na uwezo wa kutafuta nyumba nyingine ya kufanyia kazi, na bado ndani ya nyumba ile ile alijitahidi asikae karibu. Wewe una lori. Una magurudumu zaidi ya ishirini na unaweza kuegesha popote, lakini miezi yote umeegesha pale pale.

Tena Yusufu alirahisishiwa jambo moja: mwanamke yule alikuwa mbaya waziwazi. Huyu wako ni mwema, na ndiyo maana mahubiri yote uliyosikia hayakukusaidia. Tumefundishwa kumtambua Shetani akija na chupa ya bia na sketi fupi. Hatukufundishwa habari ya uji wa mgonjwa. Wale wasichana uliwakwepa vizuri sana, ukajipongeza, ukaingia ukakaa.

Nikusimulie jambo langu, kisha nirudi kwako.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa treni TAZARA. Ile reli ni kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilifunguliwa mwaka 1976, naye akaingia kazini miaka michache baadaye. Sisi wake tulikaa kota tukiwasubiri. Akilala zamu Mlimba, akilala Makambako, mimi sijui anakula nini wala anafuliwa na nani. Mwaka 1986 alirudi siku moja akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda cha mbuzi ya nazi, mtu ambaye hajawahi kuingia jikoni. Akasema, "Kuna mama pale Mlimba ananifulia nguo. Nimemwambia asinifulie tena. Nataka uwe unaniuliza kila nikirudi."

Nikamwuliza, umelala naye? Akasema hapana. Nikamwuliza, ungelala naye? Alinyamaza mpaka mchuzi ukaungua. Akasema, "Ndiyo."

Siku tisa sikumsemesha. Nilipika, nikaweka chakula mezani kwa kishindo, nikaondoka. Sikumshukuru kwa ukweli wake, wala sikumwona shujaa. Nilimwona mtu aliyenitwisha mzigo wake ili yeye alale usingizi. Siku ya kumi nilimwuliza huyo mama anaitwa nani, akanitajia. Nikamwuliza anapika vizuri kuliko mimi? Akasema hajawahi kula kwake. Sikuamini, nikaamini, nikaacha kuamini tena. Na baada ya hapo, mpaka alipostaafu, kila akirudi nilimwuliza. Yeye alichukia kuulizwa, na mimi nilichukia kuuliza, lakini tuliulizana. Mara nyingine jibu lilikuwa "hakuna." Mara mbili halikuwa "hakuna," tukakaa tukaongea hadi usiku wa manane.

Sikusimulii hili ili uone ni tamu. Nakusimulia kwa sababu umeniandikia kwamba unaogopa presha ya mkeo, na mimi nimekuwa huyo mke. Presha yake ni ya kweli, kwa hiyo hakikisha anakunywa dawa zake, na usimwambie usiku wa kuamkia safari ukamwacha na maneno hayo siku ishirini na moja. Mwambie ukiwa na siku tatu nne za kukaa nyumbani. Lakini usiifanye presha yake kuwa ngao yako. Siku akija kuikuta hiyo "Ajenti Tunduma" yeye mwenyewe, hakuna dawa ya presha itakayotosha.

Na ukimwambia, mwambie kwa ukubwa wake. Namba, fedha, mashati, vitenge, mtoto, usiku ule. Usianze na "lakini hatukufanya kitu," maana hilo ni la kujitetea na atalisikia hivyo. Akikuuliza swali kama lile langu la pili, jibu. Usimwombe akusamehe kabla ya Jumapili ili ushike kapu ukiwa mwepesi. Huenda atanyamaza siku tisa, huenda tisini. Mwulize kama kuna mama anayemwamini, mwenye kifua cha kutunza siri, ambaye angependa kuongea naye, na usimchagulie wewe.

Kabla ya hayo yote, leo, kabla hujalala, chukua simu ulibadilishe lile jina. Liandike jina lake kamili. Nataka mkono wako wenyewe ufanye hivyo, kwa sababu ni mkono huo ulioandika "Ajenti". Baadaye namba yenyewe utaifuta, lakini kwanza iseme ukweli hata kwa siku chache.

Umeniambia umefunga siku tatu. Sipuuzi, na mimi hufunga. Ila Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba pamoja na jaribu Mungu hufanya na mlango wa kutokea. Nadhani wewe ulikuwa unangoja mlango wenye mwanga, uamke asubuhi tamaa imeondoka yote, kama homa iliyoshuka. Mlango wako ni yadi nyingine ya kuegesha. Ni wali mbaya kwa mama lishe mwingine. Ni kumpigia mkeo saa tatu usiku umwonyeshe kwenye kamera ulipo, ukiwa na aibu ya mtu mzima anayechungwa. Ulifunga, ukaomba, halafu ukiendesha unapanga kwenda kula meza ile ile. Bwana alisema kesheni na kuomba, viwili. Wewe ulifanya kimoja.

Kuhusu kazi, usiiache. Omba ofisini kwenu kama wana mzigo wa Rusumo au Kabanga, mipaka ya Rwanda na Burundi, wakubadilishie njia miezi michache. Wakikataa, pita Tunduma kama unavyopita mizani: unafika, unafanya linalotakiwa, unatoka. Na usijidanganye kwamba tatizo ni mji ule. Yakobo anasema kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, na hiyo inapanda nawe kabini. Rusumo nako kuna wajane wanaopika vizuri.

Uzee wa kanisa usijiuzulu mwenyewe. Nenda kwa mchungaji wako, yule yule aliyekuambia kanisa linahitaji watu wa barabarani, umweleze. Yeye na taratibu zenu ndio waamue kama upumzike au uendelee. Ninaogopa kwamba ukijivua mwenyewe utajihisi umeshalipa, na utabaki bila mtu wa kukuuliza. Lakini pia usisimame mbele ya usharika kutoa ushuhuda. Mimi nimekulia katika fellowship za uamsho, ule moto uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda na Kagera mpaka kwetu, na tulifundishwa kutembea nuruni, mtu anasimama anataja dhambi yake kwa jina. Ulituponya wengi. Lakini niliona pia ndugu wakitaja dhambi zao pamoja na majina ya watu ambao hawakuwepo kujitetea. Yule mjane ana kanisa lake, ana kwaya yake, ana mtoto shuleni. Tunduma na Kibaha vinaunganishwa na barabara moja, na habari husafiri na malori. Ungama kwa mke, kwa mchungaji, na kwa mtu mmoja wa tatu nitakayemtaja mwishoni. Wanatosha.

Sasa huyo mjane, maana katika maswali yako yote hukuniuliza habari zake hata moja.

Hakukutega. Alifiwa na dereva, akaletewa dereva mwingine na malaria, akamponya kwa mikono yake. Mwanaume huyo akarudi na vitenge. Akamvalisha mtoto wake sare. Akaacha mswaki. Mwanamke yeyote mwenye akili timamu angefikiri nini? Usiku ule alisema kwa mdomo kile ambacho wewe ulikuwa unakisema kwa miezi sita kwa vitendo. Kwa hiyo usimkimbie kama nyoka, ukapotea tu, akabaki akijiuliza amekukosea nini. Mkeo akishajua, mpigie simu mara moja, mchana, mkeo akiwepo kama atapenda. Mwambie umemkosea kwa kumfanya akutegemee, kwamba una mke, kwamba hutakula tena wala kulala pale, na kwamba unamshukuru kwa uhai wako. Usimhubirie. Usimwambie "Shetani alitaka kututumia," maana hapo utakuwa umemgawia nusu ya mzigo ambao ni wako. Akilia, mwache alie. Akikutukana, sikiliza mpaka amalize.

Mashati yaache. Ni mashati tu. Na mswaki pia.

La mtoto ndilo linaloniuma, na sina jibu zuri. Huwezi kwenda kumuaga, utamwumiza zaidi na utajirudisha mwenyewe mezani. Mama yake atamweleza anavyojua. Kama kweli unataka asome, mwulize mkeo kama mko tayari kumsaidia kwa pamoja, kupitia kanisa la mama yake, fedha zikitoka mkononi mwa mkeo. Akisema hapana, jibu ni hapana, na usimwone ana roho mbaya.

Baada ya siku kumi unapakia. Ukishapita mizani ya Mpemba anza kutafuta pa kuegesha, mbali na kule, hata kama ni kwenye vumbi na maji ya kuoga ni bei. Kabla hujazima injini mwambie utingo wako, kwa maneno machache, kwa nini hamlali tena pale kwa mama na kwa nini unataka akuulize kila mkifika Tunduma. Utaona aibu, kwa kuwa ni mwanao katika imani. Lakini kijana aliyepokea viatu vyako asubuhi, akavifuta tope, akaviweka chini ya kiti asiseme neno, hatashangaa. Nadhani tangu siku ile amekuwa akisubiri umwambie.